Koti Juu ya Barafu

Jumamosi ile ya Desemba 1994 ilianza vizuri tu, kama Jumamosi zote za watu wasio na hatia. Nasibu Kibwana, jirani yetu wa Burnsville, aliamka saa tatu asubuhi, akachungulia dirishani kuona kama gari lake bado linafanana na gari au limeshakuwa kichuguu cha theluji, kisha akaenda jikoni kukanda unga wa chapati. Alikuwa na miaka arobaini na sita, kitambi kilichomtangulia kila mlangoni, na kofia ya sufu ambayo watoto wa jengo lile waliamini alizaliwa nayo. Alikuwa amekaa Dar es Salaam, Leningrad, Bombay, na sasa Minnesota. Akiulizwa alijifunza nini huko kote alisema, "Nimesoma nchi nne, na zote zimenifelisha."

Kazi yake ilikuwa kupima maziwa. Kiangazi alipima uchafu wa maji, na baridi ikiingia alipima unene wa barafu. Alitembea na keekee ndefu ya kutoboa na ufito wa chuma wa kupimia kina, anatoboa, anapima, anaandika. Inchi nne hubeba mtu. Pasipofika inchi nne alisimika kibao cha njano chenye maneno ya hatari, akaenda zake.

"Bibi yangu wa Maneromango akisikia nalipwa na serikali kutoboa matundu ziwani," alizoea kusema, "ataita vijana wanifunge kamba."

Rafiki yake mkubwa alikuwa Solomon, Mnyamwezi wa Urambo, mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja cha Saint Paul. Na kwa kuwa mmoja alikuwa Mzaramo na mwingine Mnyamwezi, basi bila mtu kuuliza mtu, walikuwa watani. Babu zao walianza hiyo kazi zamani, wao waliikuta na kuiendeleza kwenye theluji. Solomon alikuwa "mpagazi", Nasibu alikuwa "Mzaramo mvivu". Mtani akichukua kitu chako, hununi. Unakifuata mwenyewe, kwa miguu yako, huku unacheka, na ukinuna unatozwa kuku. Sikukuu ya Idi iliyopita Solomon alichukua viatu vya Nasibu mlangoni akavitundika mtini nje, na Nasibu akavifuata pekupeku kwenye theluji, anacheka, machozi yanaganda mashavuni.

Kati yao kulikuwa na sharti moja tu. Mmoja akimwita mwenzake kwa jina lake, si kwa kabila lake, utani umesimama. Hapo jibu lazima liwe la kweli.

Sharti hilo hawakuwahi kulivunja. Miaka tisa.

*

Solomon alikuwa na mke, Tulia, muuguzi, mtu wa Tukuyu, mwanamke mwenye kucheka polepole kama anayeonja mchuzi. Nasibu alimpenda. Hakumwambia mtu. Alimpenda kwa kupeleka chapati kila Jumamosi, kwa kuchonga mizaha wiki nzima ili Jumamosi aone lile tabasamu likianza kwenye jicho moja. Akirudi nyumbani alijitazama kwenye kioo cha bafuni akasema, "Baba, na tumbo hilo?" Akazima taa. Angeweza kuzeeka hivyo, na wala lisingekuwa jambo baya.

Ndipo Julai akaingia Mudrick.

Mudrick alikuwa na miaka thelathini na kitu, suti tatu, na gari lililobadilika kila mwezi. Alisema ana nyumba inajengwa Anoka, kando ya mto. Alisema anamfahamu mtu wa vibali vya kuishi, mtu wa mikopo, mtu wa tiketi. Kila ulichopungukiwa, alikuwa na mtu wake. Na alikuwa na kipaji kimoja kibaya: alimtazama mtu mara moja tu akajua kinachomuuma ni nini.

Agosti alimvuta Nasibu pembeni kwenye nyama choma ya watu wa nyumbani. Akamnong'oneza.

"Kaka Nasibu. Yule mama anakupenda."

"Mama yupi?"

"Usinifanye mtoto. Analia kwangu. Mumewe anampiga, wewe huoni kwa sababu mumewe anakuchekesha." Akatoa mfukoni kitambaa cha kichwa, cha bluu, chenye harufu ya mafuta ya Tulia. "Kasema ukae nacho. Kasema usimtaje, usimtazame sana, utamponza."

Kwa hiyo Nasibu hakumtaja, wala hakumtazama, wala hakumuuliza. Miezi minne alilala na kitambaa kile chini ya mto. Miezi minne alikula sahani moja na Solomon huku akimtafuta mikononi, mtu huyu anampiga kwa mkono upi?

Mudrick hakusema hata siku moja "tumuue". Alisema "tumcheke".

"Alowe tu, kaka. Alowe hadi kiunoni, arudi nyumbani anatetemeka kama kuku. Mkewe amwone alivyo. Mengine niachie mimi. Wewe si ndiye bwana barafu? Unajua wapi panalowesha."

Nasibu alijua. Nyuma ya jengo la Nasibu kulikuwa na ziwa dogo, na bomba la maji ya mvua liliingia upande wa mashariki, kwa hiyo pale barafu haikunenepa kamwe. Alhamisi alikuwa amepima. Inchi moja na nusu. Alipozamisha ufito, futi kumi na mbili, uliingia wote. Haukugusa chini.

Hilo la ufito hakumwambia Mudrick. Hata nafsi yake hakuiambia. Alijiambia: hadi kiunoni.

*

Saa sita mchana chapati zilikuwa tayari. Jua lilikuwa kali na halina joto, lile jua la Minnesota la kuonyesha tu. Tulia alikuwa kazini. Kwa hiyo safari hii Solomon ndiye aliyekuja Burnsville, akavua koti lake mlangoni, koti kubwa la rangi ya haradali alilonunua mtumba kule Frogtown, akanawa, akakaa kula na Mudrick huku Nasibu akitokatoka nje. Alipoinuka koti halikuwepo.

"Mzaramo, koti langu liko wapi?"

"Limechoka kukubeba. Limekwenda kutembea."

Walitoka nje wote watatu. Kule ziwani, hatua hamsini kutoka ukingoni, koti lilikuwa limekaa juu ya kreti, mikono imenyooshwa, kofia juu. Kwa mbali lilikuwa mtu. Nasibu alikuwa amelisukuma kwa ufito akiwa amesimama penye inchi tano, kisha akang'oa kibao chake mwenyewe cha njano akakilaza kwenye gari.

Solomon alicheka mpaka akashika magoti. "Mzaramo wewe! Leo nitakutoza mbuzi!"

Akashuka ziwani na sweta lake, anaburuta mguu wa kushoto uliovunjika mpirani enzi za ujana. Mudrick akacheka. Nasibu akacheka kwa kuwa Mudrick amecheka. Barafu ilikuwa nyeusi, safi, bila theluji, upepo ulikuwa umeifagia. Hatua kumi. Ishirini. Thelathini na tano.

Hapo Solomon alisimama. Alitazama chini. Akageuka, hacheki tena.

"Nasibu," aliita. "Kwa kweli sasa. Hapa panabeba?"

Ziwa zima likatulia. Nasibu alihisi ulimi wake mdomoni, mzito, kama umewekwa na mtu mwingine.

"Panabeba," akasema.

Solomon akainua mkono wa kushukuru. Akaendelea.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu amekalia miwani. Sekunde moja kulikuwa na watu wawili juu ya barafu, mmoja mwenye sweta na mmoja mwenye koti. Sekunde iliyofuata alibaki yule wa koti.

Mudrick alikuwa ameshageuka mgongo, anakimbilia nyumbani kupiga simu, anapiga mayowe ya kilio yaliyokuwa tayari mdomoni. Zimamoto walipofika walikuta koti kavu, tundu jeusi, na kibao cha njano kimesimama mahali pake. Nasibu alikuwa amekirudisha.

Wakamtoa Solomon kesho yake. Polisi wakaandika ajali. Koti wakamkabidhi mjane.

*

Msiba ulikaa Saint Paul, kwenye apatimenti ya marehemu, wakati maiti inasubiri ndege ya kwenda nyumbani. Watu walijaa hadi ngazini, Watanzania, Wakenya, Wakongo wawili wenye gitaa. Tulia alikuwa amekaa sakafuni, amefunikwa khanga. Mudrick alikuwa mlangoni, anapokea watu, anafuta machozi, anaitwa "kijana wetu".

Siku ya tatu alasiri, Mzee Naftali, Mnyamwezi mwenzake marehemu na mkubwa wao wote, aligonga fimbo sakafuni.

"Mtani yuko wapi? Siku tatu tunalia kama hatuna watani. Mzaramo, simama. Tuletee mtu wetu tumwone."

Kila mtu alijua maana yake. Mtani huvaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anamsema vibaya mpaka wafiwa wacheke na roho zipumue. Mtu akamletea koti la haradali.

"Mzee, mimi siwezi," Nasibu alinong'ona.

"Hawezi!" sauti zikamdhihaki. "Mzaramo kashindwa kazi hata ya kuvaa!"

Akaingiza mkono wa kulia. Ndani kulikuwa na baridi. Si baridi ya nguo iliyotundikwa, bali baridi ya maji. Bitana ilikuwa chepechepe, na koti lile halikuwahi kugusa maji. Akaingiza mkono wa kushoto. Ulipofika karibu na mwisho wa mkono wa koti, vidole vilimshika vidole vyake kutoka upande wa pili, vikamvuta kwa upole, kama mzazi anavyomvisha mtoto.

Akafunga vifungo, kimoja kimoja. 

Akatembea. Alikusudia kuburuta mguu, lakini mguu ukajiburuta wenyewe. Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha msibani chenye machozi ndani yake.

"Woi, huyu mtu ana-act kabisa!" alisema Jedidah, Mkenya aliyefanya kazi wodi moja na Tulia. "Ni yeye! Angalieni bega!"

Kisha mdomo wa Nasibu ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Urambo.

"Nasibu. Kwa kweli sasa. Hapa panabeba?"

Watu wakapiga makofi. Nasibu alitazama chini. Chini ya zulia alisikia ufa. Mwembamba. Unatembea kuelekea miguuni pake.

"Mimi ndiye niliyemuua," akasema.

Wakacheka.

"Nasema kweli. Nilimwambia panabeba. Nilijua hapabebi. Nilimuua mimi!"

Wakacheka zaidi. Mama mmoja alishikilia mbavu. Mzee Naftali alifuta macho kwa leso. "Haya, muuaji, umetozwa kuku! Mwandikieni kuku!"

"Jamani, nisikilizeni..."

"Wawili!"

Katika chumba kizima ni watu wawili tu ambao hawakucheka. Mmoja alikuwa Mudrick, pale mlangoni, ambaye alichukua kofia yake taratibu akatoka. Wa pili alikuwa ameinua khanga usoni, anamtazama.

*

Siku zilizofuata Nasibu alijifunza kutembea upya. Kazini, juu ya zege, alipitisha unyayo kwanza, akasikiliza, ndipo akaweka uzito. Dukani alishikilia rafu. Kila aliposimama kwa muda mrefu alisikia ufa ukianza mbali, chini ya vigae, ukija. Wafanyakazi wenzake walidhani anafanya kichekesho kipya. Mmoja alianza kumwiga.

Alimwambia msimamizi wake, "Nimeua mtu." Msimamizi akampiga bega. "Nasibu, bwana wewe!" Alimpigia simu nduguye Dar es Salaam, sauti ikakatika kwa kicheko. Maisha mazima alikuwa amewazoesha watu kwamba kinywa chake hakina neno zito. Sasa alikuwa na neno moja zito, na hapakuwa na mtu wa kulipokea.

Jumatano mchana mlango uligongwa. Tulia. Hakukaa.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo sana. "Juzi ulikuwa unatania?"

Nasibu alitazama kigae alichosimama juu yake.

"Solomon aliniambia sharti lenu. La jina. Na ile sauti ilikuita kwa jina lako. Hakuna mtu mwingine aliyelijua."

Basi akamwambia. Alimwambia akiwa amesimama katikati ya sebule, hathubutu kuhama kigae. Bomba, inchi moja na nusu, kibao, neno moja. Alipofika kwenye mapenzi akaenda chumbani, kigae kwa kigae, akarudi na kitambaa cha bluu.

Tulia alikichukua, akakigeuza mkononi.

"Hiki nimekitafuta tangu Agosti. Kilipotea chumba cha kufulia."

"Mudrick alisema umenipa. Alisema unapigwa."

"Mimi? Solomon?" Akacheka, na kilikuwa kicheko kibaya kuliko vyote vya msibani. "Shemeji, sijawahi kukutaja kwa Mudrick hata mara moja. Alikuwa anakuja kwangu. Anasema Solomon ana mke mwingine Urambo, twende Anoka, nyumba iko tayari. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia maadamu mume wangu yu hai, asikanyage mlango wangu." Akafunga mdomo kwa kitambaa. "Nilimwambia mwenyewe. Maadamu yu hai."

 Mahali fulani chini ya vigae kitu kililia, *ki*, kikatulia.

"Ulikuwa chakula chetu cha Jumamosi," Tulia alisema. "Solomon alikuwa hali Ijumaa jioni ili abaki na nafasi." Kisha akafungua mlango. "Vaa viatu. Twende kwa watu wasiokujua."

*

Afisa mpelelezi aliitwa Lois, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Hakujua kabisa kama Nasibu ni mchekeshaji, na hiyo ilikuwa rehema. Tulia alibaki barazani. Lois alifungua kaseti mpya, akachana nailoni yake mbele ya Nasibu, akaitia kwenye mashine na kubonyeza.

Nasibu alieleza kwa Kiingereza, nusu saa nzima. Kila kitu. Lois alimsikiliza bila kucheka hata mara moja, na Nasibu karibu alie kwa shukrani. Jina la Mudrick lilipotajwa mama yule alitoa picha kwenye jalada: Mudrick yule yule, suti nyingine, jina lingine. Alikuwa anatafutwa majimbo mawili, na kote aliacha wajane. Walikuja kumkamata baada ya Krismasi kwenye moteli huko Iowa.

"Na baada ya rafiki yako kuzama," Lois aliuliza, "ulifanya nini?"

"Nilirudisha kibao."

"Kabla ya hapo?"

Nasibu alinyamaza. Mashine iliendelea kuzunguka. Alitazama mikono yake.

"Hakuna," akasema.

Lois alizima, akarudisha mkanda nyuma kidogo kuhakikisha sauti imeingia. Akabonyeza. Ikasikika: *Kabla ya hapo?* Ukaja ukimya. Kisha, ndani ya ukimya ule, mtu akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye maji kifuani, akaanza kusema Kiswahili.

Lois alikunja uso. "Hapa ulikuwa umenyamaza. Huyu ni nani?"

Nasibu alikuwa anaitazama mashine.

"Anasema nini?"

Lois aliurudisha mkanda tena. Sauti haikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiti chake cha Jumamosi, anasubiri sahani.

*Mzaramo, mbona unaruka? Simulia na hilo. Barafu ilikuwa kama kioo, nilikuwa nakuona. Nilikuwa naona soli zako. Ulikuja na ufito mkononi. Bado hatua tatu. Ningeufikia. Nilitoa mkono. Halafu ukasimama, ukafikiri. Najua ulimfikiria nani. Halafu soli zikarudi. Moja. Mbili. Tatu.*

Mudrick alikuwa amegeuka mgongo. Madirishani hapakuwa na mtu. Duniani kote hakuna aliyejua kuhusu hatua zile isipokuwa Nasibu, na Nasibu alikuwa amezizika hata mwenyewe asizione.

"Bwana Kibwana," Lois alisema. "Nitafsirie."

Akatafsiri. Neno kwa neno, bila kupunguza, bila kuongeza mzaha. Alipofika kwenye hatua ya tatu, Lois aliacha kuandika, akavua miwani.

Mkanda ulikuwa bado unazunguka. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini kulikuwa na kitu kingine sasa. Kugonga. Kwa taratibu, kwa mkono mtupu, kutoka chini ya kitu kigumu. Mara tano, kimya. Mara tano, kimya. Kuliendelea mpaka upande ule ukaisha na mashine ikajizima.

Lois aliitoa kaseti. Akaigeuza upande wa pili, ambao haukuwa umerekodiwa kitu, akairudisha, akabonyeza.

Huko nako kulikuwa kunagongwa, tangu mwanzo wa mkanda.